Kiu ya Kuonekana na Biashara ya Macho

Na Mwandishi Wetu

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma.)



Nimeombwa nizungumze juu ya vijana na tamaa ya kujulikana katika mitandao. Mada hii imekwisha kuzungumzwa mara nyingi, na kwa kawaida huzungumzwa kwa namna moja. Mzungumzaji husimama, akalaumu simu, akalaumu vijana, akalaumu wazazi, kisha wasikilizaji hupiga makofi na kwenda kunywa chai. Kesho yake kila mtu huendelea na simu yake, na mzungumzaji naye huendelea na yake.

Leo nawaomba tuifuate njia nyingine. Mwalimu akitaka kufundisha jambo gumu hutafuta mfano unaoweza kushikwa mkononi. Mfano wangu ni mchezo mmoja wa kompyuta uliotungwa Japani. Nitaueleza mchezo huo kwa kirefu kidogo, kwa sababu mtunzi wake ameliona jambo ambalo wengi wetu tunalipita bila kulitazama. Baada ya hapo tutauliza: Je, kiu hii ya kuonekana inatoka wapi, nani anafaidika nayo, na sisi tuna wajibu gani?

MCHEZO WENYEWE

Mchezo huo unaitwa Needy Streamer Overload. Nyumbani kwake Japani unajulikana kwa jina la Needy Girl Overdose. Ulitolewa Januari 2022 na kampuni ya WSS playground, na hadithi yake ilitungwa na mwandishi ajulikanaye kwa jina la nyalra. Nakala zaidi ya milioni moja zimekwisha kuuzwa.

Ni mchezo wa jamii ya riwaya ya picha, sanaa ambayo Wajapani wameikuza tangu miaka ya 1990. Msomaji husoma hadithi kwenye kioo cha kompyuta, hutazama michoro ya wahusika, na kila baada ya hatua chache hutakiwa kuchagua la kufanya. Uchaguzi wake ndio unaoamua hadithi itakwishia wapi.

Mhusika mkuu ni msichana aitwaye Ame. Mchana ni msichana wa kawaida, mpweke, mwenye wasiwasi mwingi na asiyejiamini hata kidogo. Usiku huvaa mavazi ya rangi na nywele za bandia, akawasha kamera, akageuka malaika wa mtandaoni anayewafurahisha maelfu ya watazamaji kwa matangazo ya mubashara. Lengo lake ni moja: kupata wafuasi milioni moja katika siku 30.

Mchezaji naye amepewa nafasi yake ndani ya hadithi. Yeye ndiye meneja wa Ame na ndiye mpenzi wake pia. Kila siku imegawanywa sehemu tatu: mchana, jioni na usiku. Mchezaji ndiye anayeamua kama Ame alale, atembee, apitishe saa zake mtandaoni au ameze dawa. Usiku ukifika, ndiye anayeamua atangaze nini: acheze michezo ya kompyuta mbele ya watazamaji, anong'one karibu na kipaza sauti, au aeneze uvumi wa njama za siri zisizo na ushahidi. Wakati matangazo yanaendelea, maoni ya watazamaji hutiririka pembeni, mengine ya mapenzi na mengine ya matusi, na meneja huweza kuyafuta yale machafu kabla hayajamwumiza.

Juu ya yote hayo zimewekwa hesabu nne. Ya kwanza ni idadi ya wafuasi. Ya pili ni kiasi cha msongo wa mawazo. Ya tatu ni kiasi cha mapenzi aliyo nayo Ame kwa meneja wake. Ya nne ni kiasi cha giza lililomo rohoni mwake. Mchezaji hutwa kucha huzitazama hesabu hizo kama mtunza ghala anavyotazama daftari lake. Na hapo ndipo ulipo mtego. Akimpumzisha Ame, wafuasi hawaongezeki. Akimsukuma, wafuasi huongezeka lakini msongo nao hupanda. Akitaka kuushusha msongo kwa njia ya mkato, ziko dawa, na dawa nazo zina deni lake.

Hadithi hii ina hatima zaidi ya 20, na nyingi kati yake ni za kuhuzunisha. Kufikisha idadi ya wafuasi si kinga. Kwa sababu ya mambo yanayoonyeshwa ndani yake, yaani dawa, kujiumiza na kukata tamaa, huu si mchezo wa watoto, na mimi siupendekezi uingizwe darasani. Naupendekeza kwa watu wazima wanaowalea watoto.

KUTOKA MIAKA MINANE HADI SIKU 30

Ndugu zangu, ili tuone uzito wa mchezo huu, yafaa tuulinganishe na mwingine wa huko huko Japani uliotangulia kwa miaka 31. Mwaka 1991 kampuni ya Gainax ilitoa mchezo ulioitwa Princess Maker. Huko nako mchezaji alikabidhiwa msichana, na huko nako kulikuwa na hesabu za kutazama. Lakini mchezaji alikuwa mlezi, na mtoto alikuwa na umri wa miaka 10. Kazi ilikuwa kumlea mpaka atimize miaka 18. Hesabu zilizotazamwa zilikuwa za nguvu za mwili, akili, tabia njema na stadi za kazi. Mlezi alipanga mtoto asome nini, afanye kazi gani na apumzike lini. Mwisho wa miaka minane mtoto aliweza kuwa malkia, au askari, au mfanyakazi wa namna nyingine, kulingana na malezi aliyopata.

Tazameni sasa mabadiliko. Katika mchezo wa mwaka 1991 hesabu zilipima kilichomo ndani ya mtoto. Katika mchezo wa mwaka 2022 hesabu iliyo kuu inapima macho ya watu walio nje yake. Katika ule wa kwanza muda ulikuwa miaka minane. Katika huu wa pili ni siku 30. Mlezi amegeuka meneja, na mtoto anayekua amegeuka bidhaa inayowahi soko. Sijui kama watunzi walikusudia ulinganisho huo, lakini jamii iliyotunga michezo hii miwili imetuachia kumbukumbu ya safari ambayo dunia nzima imeisafiri.

Wajapani wana usemi, "shōnin yokkyū", ambao maana yake ni haja ya mtu kutambuliwa na kukubaliwa na wenzake. Usemi huu ulitoka katika vitabu vya wanasaikolojia, na leo vijana wa kawaida hutumia maneno hayo kuchekana na kujicheka wao wenyewe. Tangu mwaka 2006 nchi hiyo ina tovuti ya video iitwayo Niconico, ambayo maoni ya watazamaji hupita juu ya picha yenyewe kama mvua. Anayetazama haoni picha peke yake, anaona picha pamoja na umati. Na aliye ndani ya picha anajua kwamba umati uko juu ya uso wake.

BIASHARA HII SI MPYA

Wako watakaosema kwamba haya yote yameletwa na simu za mkononi. Mimi ni mtu wa magazeti, na uaminifu wa kazi yangu unanilazimisha kukiri kwamba biashara ya macho ilianza katika kiwanda chetu sisi.

Mwaka 1833 katika mji wa New York mchapaji mmoja, Benjamin Day, alianzisha gazeti la The Sun. Magazeti mengine ya mji yaliuzwa senti sita. Yeye aliuza lake kwa senti moja. Fedha hiyo haikutosha kulipia gharama za gazeti, lakini Day hakutegemea senti ya msomaji. Alitegemea wenye matangazo ya biashara, ambao walikuwa tayari kulipa ili kuyafikia macho ya wasomaji wengi. Tangu siku hiyo msomaji alikuwa na nafasi mbili katika gazeti: mnunuzi wa habari, na wakati huo huo bidhaa inayouzwa kwa mtu mwingine.

Ilichukua miaka miwili tu kwa biashara hiyo kuonyesha tabia yake. Agosti 1835 gazeti hilo hilo lilichapa mfululizo wa makala zilizodai kwamba mwezini kumeonekana viumbe, wakiwamo watu wenye mabawa kama popo. Ulikuwa uongo mtupu, na watu waligombea nakala. Kwa hiyo tunapomwona Ame akieneza uvumi usiku ili apate wafuasi, tusidhani kwamba ametumbukia katika dhambi mpya. Anafanya kile ambacho mizani ya biashara hii imekuwa ikikituza kwa karibu miaka 200.

Mwaka 1971 msomi wa Kimarekani Herbert Simon alieleza jambo hili kwa lugha ya uchumi. Alisema, kwa maana, kwamba habari hula usikivu wa wale wanaozipokea, na kwa hiyo mahali palipo na wingi wa habari patakuwa na uhaba wa usikivu. Kitu kilicho haba huwa na bei. Simon aliandika hayo wakati kompyuta moja ilijaza chumba. Leo kompyuta iko mfukoni mwa kila mtu, na uhaba alioueleza umekuwa msingi wa makampuni yaliyo tajiri kuliko nchi nyingi.

Jambo lililo jipya ni hesabu. Msomaji wa mwaka 1833 hakuwa na namba kichwani pake. Mwezi Februari 2009 Facebook iliweka alama ya kupenda, na tangu hapo kila picha, kila msiba na kila kuzaliwa kwa mtoto kukawa na jumla yake chini, kama hesabu ya mwanafunzi iliyosahihishwa. Mwaka 2017 YouTube iliruhusu mtazamaji alipe fedha ili maoni yake yang'are kwa rangi mbele ya mtangazaji. Mwaka 2018 kampuni hiyo hiyo iliweka sharti kwamba anayetaka mgawo wa fedha za matangazo awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. Hapo kiu ya kuonekana ilipata karani, ikapata daftari na ikapata mshahara.

NJIWA NA PUNJE

Yatupasa pia kuelewa kwa nini mtu anayeanza kuzitazama hesabu hizi hushindwa kuacha. Jibu lilipatikana zamani, katika maabara. Mwanasaikolojia B. F. Skinner, akishirikiana na Charles Ferster, alitoa mwaka 1957 kitabu kikubwa juu ya majaribio ya wanyama, hasa njiwa. Njiwa aliwekwa katika sanduku lenye kidude cha kudonoa. Alipopewa punje kwa utaratibu anaoujua, alidonoa, akala, akapumzika. Lakini punje zilipotolewa bila mpangilio unaotabirika, mara baada ya midonoo michache, mara baada ya mingi, njiwa alidonoa kwa kasi bila kupumzika, na hata punje zilipokatwa kabisa aliendelea kudonoa kwa muda mrefu.

Mtu anayefungua simu yake kila baada ya dakika chache yuko katika hali hiyo. Leo picha yake imependwa na watu 12, kesho na watu 900, keshokutwa na watatu. Hajui lini punje itaanguka, na kutojua huko ndiko kunakomfunga. Mchezo wa Kijapani umelitumia jambo hili kwa ujanja: mchezaji mwenyewe, anayemwonea Ame huruma kwa utumwa wa namba, hujikuta amekaa hadi usiku wa manane akizitazama namba za Ame zipande.

Hata makampuni yenyewe yameonyesha kwamba yanafahamu uzito wa hesabu hizi. Mwaka 2019 Instagram ilijaribu kuficha idadi ya alama za kupenda katika nchi kadhaa, Japani ikiwa mojawapo. Mwaka 2021 ikawaachia watumiaji wenyewe waamue kuficha au kutoficha. Mwaka huo huo wa 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa hadharani nyaraka za ndani. Miongoni mwake zilikuwamo taarifa za watafiti wa kampuni hiyo kwamba Instagram iliwafanya baadhi ya wasichana wauchukie zaidi mwili wao. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba wenye biashara hawakujua.

MTAZAMAJI NAYE YUMO

Ndugu Mwenyekiti, sasa naja kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niuchague mchezo huu.

Hadithi nyingi juu ya tamaa ya umaarufu humweka msomaji mahali pa salama. Msomaji hukaa pembeni, akamtazama mwenye tamaa akianguka, akatikisa kichwa na kusema, "Amejitakia." Hadithi ya Ame inamnyima msomaji kiti hicho. Meneja ni wewe. Uliyechagua apumzike au asipumzike ni wewe. Ukimwona amedhoofika na wafuasi wamebaki laki moja tu kufika milioni, utajikuta unapiga hesabu. Na hesabu yako hiyo ndiyo mada ya hadithi.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mara nyingi tunautumia msemo huu kumlaumu mgema. Lakini wanywaji nao wamo katika habari hiyo. Sifa ilitoka vinywani mwao, na tembo lenye maji wanaliendea kila siku.

Mwezi Mei 2020 mwanamieleka wa Kijapani Hana Kimura, msichana wa miaka 22 aliyekuwa akishiriki katika kipindi cha televisheni cha Terrace House, alijiua baada ya kuandamwa kwa matusi mitandaoni. Kila aliyemwandikia neno moja la dharau aliona kwamba ni neno moja tu. Lakini yeye aliyapokea yote pamoja. Wakati ule sheria ya Japani juu ya kosa la kutukana iliweka kifungo cha chini ya siku 30, au faini isiyofika yen 10,000. Mwezi Juni 2022 Bunge la nchi hiyo liliipandisha adhabu hadi kifungo cha mwaka mmoja au faini ya yen 300,000. Sheria hiyo ilikuja baada ya mazishi, kama sheria nyingi zinavyokuja.

Nchi nyingine zimechukua hatua zao. Australia ilipitisha sheria mwezi Novemba 2024, nayo ikaanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025, ya kuyataka makampuni makubwa ya mitandao ya kijamii yazuie watoto wa chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti. Kampuni inayokaidi yaweza kutozwa faini ya hadi dola za Australia milioni 49.5. Ni jambo la maana kwamba mzigo umewekwa juu ya mwenye duka na si juu ya mtoto. Lakini sheria huweza kufunga mlango wa duka tu. Kiu iliyompeleka mtoto dukani bado anayo.

HAJA YA KUONWA SI DHAMBI

Na kiu hii, ndugu zangu, hatuwezi kuiita maradhi. Mtu kutaka kuonwa na wenzake ni haja ya kibinadamu kama chakula. Tazameni mila zetu. Mtu hapiti mbele ya mwenziwe bila salamu. Anayepita kimya huulizwa ana nini, na akirudia huhesabiwa kuwa ana kiburi. Salamu ya asubuhi huuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na hakuna anayeona kwamba muda umepotea. Maana ya desturi hiyo ni moja: nimekuona, nawe upo.

Tofauti kati ya kuonwa huko na kule kwa Ame ni hii. Anayenisalimia njiani ananijua, nami namjua. Nikiugua atauliza. Watu milioni moja wanaomtazama Ame wanamjua malaika, na Ame aliyechoka nyuma ya nywele za bandia hawamjui. Kadiri malaika anavyopendwa, ndivyo msichana anavyozidi kuwa mpweke, kwa sababu kila pendo linalofika nyumbani kwake limeandikwa jina la mtu mwingine. Huo ndio msiba wa hadithi hii, na ndio msiba wa vijana wengi wa kweli ambao hawatapata wafuasi milioni wala elfu.

Tulikuwa tukisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ilikuwa kweli katika soko ambalo mnunuzi aliweza kukigusa kitu na kukipima mkononi. Katika soko la macho, chema kisichojitembeza hakionekani kabisa. Kijana anayetuona tunamhubiria methali hii, huku wanaojitembeza ndio wanaoitwa kwenye majukwaa na kupewa kandarasi za matangazo, ana haki ya kutuuliza kama sisi wenyewe tunaiamini.

MIZANI YETU SISI

Kabla ya kuinyooshea kidole simu ya mtoto, basi, yafaa tutazame mizani tunayomwekea sisi. Kwa miaka mingi matokeo ya mitihani ya taifa yalipotangazwa, vyombo vya habari vilikesha vikisubiri orodha ya shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha utaratibu huo wa kuwatangaza. Wako waliolalamika. Lakini fikirini: mtoto aliyetoka alama za chini na kufika za kati kwa juhudi kubwa, katika orodha ile hakuwapo. Tulikuwa tumemfundisha, kabla ya mtandao wowote kumfikia, kwamba asiye katika kumi za juu haonekani.

Na sisi watumishi wa umma je? Sote tumehudhuria hafla za kukabidhi vitu ambapo waliosimama kwenye picha walikuwa wengi kuliko madawati yaliyokabidhiwa. Sote tunajua mikutano inayoanza pale tu mpiga picha anapofika. Kijana anajifunza kwa macho kuliko kwa masikio. Akiona kwamba kazi isiyopigwa picha haihesabiwi kuwa kazi, atajenga maisha yake juu ya picha, na hatakuwa amekosea kusoma somo tulilomfundisha.

LA KUFANYA

Nitataja mambo manne, yote yaliyo ndani ya uwezo wa watu waliomo humu ukumbini.

Kwanza, tuwafundishe wanafunzi biashara hii inavyokwenda, kama tunavyowafundisha habari za pamba au karafuu. Nani anazalisha? Nani ananunua? Faida inabaki kwa nani? Mwalimu wa uraia anaweza kuuliza darasani: kama huduma hii hailipiwi na mimi, nani anailipia, na amenunua nini? Kijana akiisha kuelewa kwamba macho yake ni mali inayouzwa, atayatoa kwa kufikiri.

Pili, tumwone mtoto kabla hajalazimika kupiga kelele. Najua madarasa yamejaa na mwalimu ni mmoja. Lakini kumwita mtoto kwa jina lake, kuiona kazi aliyoisahihisha upya bila kuambiwa, kuuliza kwa nini jana hakuja, ni mambo yanayochukua nusu dakika. Mtoto aliyeonwa na mtu mmoja anayemjua hana njaa kubwa ya kuonwa na watu elfu wasiomjua.

Tatu, tuyalinde macho yetu wenyewe. Kila mmoja wetu amewahi kutumiwa picha ya video ya mtu anayedhalilishwa: mwanafunzi anayechekwa kwa kushindwa kusoma, mlevi aliyeanguka, mama anayelia barabarani. Anayeirekodi ni mmoja, lakini wanaoifikisha kila mahali ni sisi, tena katika makundi ya simu ya watu wenye heshima zao. Kuifuta bila kuituma mbele ni tendo dogo, na katika biashara ya macho ni tendo la kukata mtaji. Katika mchezo ule meneja ana uwezo wa kufuta neno baya kabla halijafika. Nasi tunao.

Nne, tuwe tayari kuutambua unyonge tunapouona. Mwanafunzi anayecheka sana mbele ya kamera na kunyamaza sana darasani anahitaji mtu wa kumwuliza hali yake kwa siri na kwa upole. Wapo wanaojiumiza, wapo wanaomeza dawa wasizoandikiwa. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kwa mwalimu wa malezi na kwa mganga wa hospitali, asisimamishwe mstarini kama mfano mbaya. Kumsimamisha hadharani ni kumwongezea macho ya aina ile ile iliyomdhuru.

Ndugu Mwenyekiti, liko jambo moja la mwisho katika habari za mchezo huu. Mojawapo ya nyimbo zake inaitwa "Internet Yamero", maana yake "Acha Intaneti". Wimbo huo umetazamwa mara mamilioni, na umetazamwa wapi? Kwenye intaneti. Na yule malaika aliyetungwa ili kutuonya juu ya umaarufu amekuwa maarufu kweli, na sura yake inauzwa madukani. Wako wanaoona kwamba hilo linaharibu funzo la mchezo. Mimi naona kwamba linalikamilisha. Hata onyo likishaingia sokoni hupewa bei na kupangwa rafuni pamoja na bidhaa nyingine.

Kwa sababu hiyo hatuwezi kuitegemea hadithi, hata iliyo nzuri, itufanyie kazi yetu. Hadithi inaweza kutuonyesha msichana anayekufa kwa kiu katikati ya bahari ya watazamaji. Kumpa maji mtoto aliye mbele yetu Jumatatu asubuhi ni kazi ya mwalimu anayefungua daftari la mahudhurio, akasoma jina, akanyanyua macho na kumtazama anayeitika.